Kikundi cha Wodi ya Wazazi: Sahani ya Jumatano

Bi Metroni: Asalamu alaykum wana wodi. Tarehe 5 Mei ni ya wakunga, tarehe 12 ni ya wauguzi, siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820. Zote njema. Lakini mfagiaji, dobi, mpeleka damu, fundi wa vifaa na watu wa maabara hawamo katika hizo mbili. Yetu iwe Jumatano tarehe 13, siku ya idara nzima kula pamoja na kushukuriana kwa kadi. Nataka mpango, maua ya simu nimeshayaona.

Mwekahazina: Waalaykumu salaam Bi Mkubwa. Alkhamisi si bora? Watu wengi wapo.

Sista Jioni: Alkhamisi nusu ya watu wamefunga sunna, na Jumatatu vile vile. Ijumaa ina mambo yake. Jumatano hapo hapo.

Bi Metroni: Saa 8:00 mchana basi. Ndiyo saa pekee zamu mbili zinakutana.

Sista Jioni: Na ndiyo saa ya makosa, Bi Mkubwa. Mtu ananusa pilau, anakabidhi wodi kwa mdomo tu akiwa mlangoni: "wote wazima, leba yuko mmoja". Tuweke hivi: 8:00 hadi 8:30 makabidhiano, kitanda kwa kitanda, patografu mkononi, ile chati ya maendeleo ya uchungu. Presha ya mwisho ni ngapi, dripu inakwenda matone mangapi, njia ya uzazi ilipimwa saa ngapi na ijayo ni saa ngapi. Aliyejifungua chini ya saa 2 zilizopita anatajwa kwanza, maana huyo ndiye wa kuvuja damu kimya kimya watu wakila.

Sista Jioni: 8:30 zamu ya asubuhi inakwenda kula, ya jioni inashika wodi. 9:15 wanabadilishana kwa nusu saa, kisha asubuhi wanakwenda zao. Alasiri inatukuta tumemaliza.

Mkunga Leba: Na chumba cha leba, wakunga wawili hawatoki hata wakiitwa na harufu. Moyo wa mtoto unasikilizwa kila nusu saa. Ukiruka mara moja umeshapoteza saa nzima ya kujua kinachoendelea. Sahani zao ziwekwe mbali, wale kwa kupokezana.

Bi Metroni: Nimekubali. Aandike mtu majina ya wanaobaki, ayabandike ukutani. "Yupo mtu" hatuitaki, tunataka jina.

Mama Jiko: Haya sasa njooni kwangu. Watu wangapi?

Mwekahazina: Asubuhi 22, jioni 14, usiku 9, usafi na dobi 8, maabara 3, fundi na mpeleka damu 2. Jumla 58.

Mama Jiko: Kilo moja ya mchele watu 7 wanashiba, 8 wakiwa na adabu. Usiku tuwatoe kwanza, nitarudi kwao. Wabaki 49, mchele kilo 7. Nyama ya jumla kilo 6, vitunguu maji kilo 4, mbatata kilo 4. Thomu, tangawizi, bizari nyembamba, hiliki, mdalasini, pilipili manga. Karafuu kijiko kimoja cha chai kwa kila sufuria, na hapo hapo tukomee. Tuko Pemba, karafuu si haba, mtu anajisahau anatia gao zima na pilau inakuwa chungu kama dawa ya jino.

Kaka Maabara: Kila sufuria? Kwani ngapi?

Mama Jiko: Mbili, kilo 3 na nusu kila moja. Ukipika kilo 7 kwenye sufuria moja mchele wa juu unaulemea wa chini. Chini unapata ukoko na bokoboko, juu kiini kigumu. Mchele uroweke nusu saa, maji yapite juu yake pingili moja ya kidole, si mbili, maana ulishakunywa maji ukirowekwa. Yakikauka, punguza moto chini, palia makaa juu. Saa 7:15 makaa yawe juu, ndiyo 8:30 inafika wodini inatoka moshi.

Zamu ya Usiku: Shikamooni. Sisi kila sherehe tunawekewa sahani kwenye meza ya ofisi, imefunikwa gazeti. Tunaingia saa 2 usiku, tunakula saa 4.

Mama Jiko: Marahaba mwanangu. Ndiyo nikasema nitarudi kwenu.

Kaka Maabara: Hapo nisikilizwe kidogo. Wali ukipoa taratibu mezani unaota vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Vinatoa sumu, na sumu ile hata ukipasha moto haiondoki. Mtu anasema "nimeupasha ukawa wa moto kabisa", halafu saa 8 usiku anatapika yeye na mwenzake, na wodi ina wakunga wawili badala ya wanne. Wali uliopikwa usikae nje zaidi ya saa 2.

Sista Jioni: Hotipoti je?

Kaka Maabara: Hotipoti inafaa ikiwa imejaa na wali umetoka motoni sasa hivi. Ukitia nusu, ile nafasi ya hewa inaupoza. Na kila anayefungua kuchungulia anapunguza moto. Mnajijua.

Mama Jiko: Hakuna hotipoti. Kilo moja na nusu ya mchele inabaki mbichi. Nyama yake ikishachemka inapozwa upesi, inaingia friji ya nyumbani kwangu. Saa 12 jioni naipika upya, saa 2:30 usiku inawafikia. Watu 9, sufuria yao wenyewe.

Zamu ya Usiku: 🤲 Mama Jiko Mungu akupe.

Fundi Vifaa: Friji ya dawa asiiguse mtu siku hiyo. Oksitosini, sindano ya kuzuia mama asivuje damu, inakaa nyuzi 2 hadi 8. Ukitia mle juisi ya ukwaju chupa 10 za uvuguvugu, joto linapanda, na mlango unafunguliwa kila dakika. Dawa ikipungua nguvu haibadiliki rangi. Utachoma ukidhani ni yuniti 10, kumbe nguvu yake haifiki 10.

Bi Metroni: Hilo nalitilia muhuri. Juisi ije na barafu ndani ya deli.

Dobi: Siniya au sahani? Miye nauliza kwa sababu mikeka naleta mimi.

Mkunga Leba: Sahani. Ukila siniya watu watano, mmoja akaitwa kitandani, akirudi anakuta mifupa.

Dobi: Pemba pilau kwenye sahani sahani, kama hoteli? Haya.

Bi Metroni: Walio zamu sahani. Waliomaliza zamu wakae siniya, hao hakuna wa kuwaita. Baraza ya nyuma, si ndani ya wodi. Masika haya, turubai lifungwe toka asubuhi, upande wa mtaro ushuke ili maji yasijae katikati. Maputo sitaki, likipasuka moja mama wa operesheni anaruka na mshono wake. Muziki hakuna.

Mwekahazina: Mchango?

Bi Metroni: Wauguzi, wakunga na madaktari 5,000. Wa usafi, dobi na wanafunzi hawatoi, wao ni wageni wetu. Jamaa za wagonjwa wasiombwe hata shilingi, na akileta mtu kwa hiari yake mrudishieni kwa upole. Kila jioni unaweka hesabu hapa: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Majina ya wasiotoa usiyaweke.

Mwekahazina: Sawa Bi Mkubwa.

Bi Metroni: Sasa kadi. Kila mtu wa idara anapata kadi moja, imeandikwa na mtu wa kitengo kingine. Na "asante kwa kazi nzuri" siisomi mbele za watu. Andikeni kazi yenyewe.

Mkunga Leba: Mfano tupe.

Bi Metroni: Wa usafi: "Klorini yako ya 3.5% unaipima kopo 1 kwa makopo 6 ya maji, huikadirii kwa jicho, na kila siku unachanganya mpya." Anayesoma anajua kwamba ukizidisha maji vijidudu vinabaki, ukizidisha dawa mikasi inaota kutu. Hiyo ndiyo sifa.

Sista Jioni: Mpeleka damu naandika mimi: "Chupa ikitoka kwenye friji ya damu huisimamishi njiani kwa salamu." Dakika 30 iwe imeshaanza kuingia kwa mgonjwa, na ndani ya saa 4 iwe imekwisha. Kila baraza anayoipita bila kukaa ni dakika zetu.

Zamu ya Usiku: Fundi wangu: "Kichujio cha mashine ya oksijeni kinaoshwa kila wiki na kinarudishwa kikavu." Kikijaa vumbi mashine inapata joto, oksijeni inayotoka inapungua huku imewaka taa kama kawaida.

Fundi Vifaa: Jamani nimeshaisoma kadi yangu kabla ya siku 😂

Zamu ya Usiku: Futa macho. Nitaandika nyingine.

Bi Metroni: Picha zipigwe barazani tu. Asitokee mama, mtoto, wala ubao wa majina nyuma ya mtu. Angalieni pia faili lililo mezani, simu za siku hizi ukivuta picha unasoma mpaka namba ya kitanda.

Mama Jiko: Nimebaki na shida moja. Sufuria ya pili ya kilo 4, nani anayo? Iwe na kifuniko bapa, cha kuba makaa yanaporomoka.

Dobi: Ninayo. Mkono mmoja umelegea, uifunge kitambaa unapoiteremsha.

Mama Jiko: Ilete Jumanne baada ya Magharibi, niikaze skrubu kwanza.