Naomba ushauri: wageni wa Naivasha tuwahesabu vipi kwenye mradi wa maji?

Hamjambo wenzangu. Niko kwenye kamati ya mradi wa maji wa kijamii upande wa Karagita, Naivasha, na tumekwama kwenye makadirio ya watumiaji kabla hatujanunua tangi.

Tulianza na sensa ya 2019. Shida ni kwamba ilimhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia 25 Agosti, na Naivasha ya Agosti si ya Februari. Kuelekea Siku ya Wapendanao mashamba ya maua huongeza vibarua, na ploti za kupangisha hujaa. Desemba ni watalii wa ndani. Halafu kuna Safari Rally, yale mashindano ya magari: tangu irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 inaleta umati unaolala kwenye mahema, kwenye magari, hata kwenye varanda za watu. Nayo mwaka 2024 ilitolewa Juni ikapelekwa Machi, kwa hivyo kumbukumbu zetu za miezi ya pilkapilka hazisaidii sana.

Tumeuliza wenye gesti. Wengi wanadhani tumetumwa na watu wa ushuru. Hesabu za lango la Hell's Gate nazo zinaonyesha walioingia mbugani, si waliolala mjini.

Naomba mnisaidie hapa: kuna njia rahisi ya kukadiria wanaolala bila rekodi za hoteli, labda kupitia mauzo ya maji vibandani? Na tangi tulipime kwa siku za kilele, au kwa siku za kawaida kisha tukodi boza wakati wa msongamano? Mimi naegemea boza, ila wenzangu kwenye kamati hawataki kusikia.