Visima vimeingia chumvi, nanyi mnadai risiti kwanza

Wakuu, salaam.

Jana nimefika nyumbani saa mbili usiku na jalada lilelile la maombi ya ruzuku mkononi. Ni mara ya nne linarudishwa. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama 23 katika kijiji kimoja cha pwani, mkoa wa Lindi. Halmashauri siitaji jina, maana maombi yetu bado yanapita mezani kwao na sitaki akina mama waadhibiwe kwa sababu ya mdomo wangu. Lakini kukaa kimya nimeshindwa.

Shule yetu na zahanati zina mapaa makubwa ya bati, na mvua yote inayoyapiga inaishia mchangani. Tunaomba matangi matatu ya lita 5,000 na gata za kuyaingizia maji. Tunataka pia kurudisha mikoko upande ule ambako ilikatwa ikaisha, kwa kuwa hapo ndipo bahari inapopandia. Mei 2024 kilipopita Kimbunga Hidaya mnakumbuka barabara ya Dar ilivyokatika kule Somanga, abiria wakalala njiani. Hilo nchi nzima ililisikia. La kwetu hakuna aliyelisikia: bahari ilivuka ikaingia kwenye visima viwili vya chini, na tangu siku ile maji yake hayanyweki. Ukipikia chai, hata uongeze sukari vipi, chumvi iko palepale. Watoto wa darasa la tatu wanapanda kilima na madumu kabla kengele haijagongwa.

Tuliposikia kwenye mkutano wa kijiji kwamba ipo ruzuku ya kuhimili mabadiliko ya tabianchi, akina mama walipiga vigelegele. Pale mkutanoni hakuna aliyesema kwamba ruzuku yenyewe ni ya kurejeshewa. Yaani unanunua wewe, unafunga wewe, unapeleka risiti, wanakuja kukagua, ndipo wakurudishie asilimia 70 ya ulichotumia.

Haya, tupige hesabu. Matangi matatu kwa bei ya dukani mjini ni 3,450,000. Gata, mabomba na koki 640,000. Saruji na fundi wa kujenga vikalio 510,000. Jumla 4,600,000. Wakirejesha asilimia 70 tutapata 3,220,000, na 1,380,000 inabaki juu yetu moja kwa moja. Akaunti ya kikundi ina 418,000, na hizo ni za miaka mitatu ya kuchangishana elfu moja moja. Mawe, mchanga, kokoto na siku zote ambazo akina mama watachimba na kubeba havihesabiwi kuwa mchango. Nimeuliza mara mbili, nikajibiwa kwamba fomu haina safu ya nguvukazi.

Mwenyekiti wetu, mama wa miaka 61, alimwambia yule kijana wa mezani kwa upole kabisa: "Mwanangu, ningekuwa na milioni nne na laki sita, leo ningekuja hapa kufanya nini?" Kijana akajibu, "Mama, mimi nakuelewa, ila utaratibu ndio huo." Mama akanyamaza. Njia nzima hadi tunashuka kwenye boda hakusema neno.

Na dirisha la maombi linafunguliwa lini? Machi! Mtu yeyote wa kusini anajua fedha inaingia vijijini minada ya korosho ikianza, kuanzia Oktoba. Ikifika Machi imeshakwenda kwenye ada, sare, madeni na mashamba. Aliyepanga tarehe hizo ama hajawahi kuishi huku, ama anaishi huku na hakujali.

Mikoko nayo ina vituko vyake, na hapa ndipo nilipotaka kulia pale ofisini. Mbegu ya mkoko inachipua ikiwa bado juu ya mti, ikikomaa inadondoka, unaiokota maji yakiwa yametoka. Siku za bamvua maji yanakwenda mbali, akina mama wanashuka na matenga, wanaokota na kupanda papo hapo. Hakuna duka linalouza. Fomu inataka risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ya ununuzi wa miche. Nikaeleza. Nikaambiwa basi gharama ya miche iandikwe sifuri, lakini mradi ukiwa na sifuri kwenye pembejeo mfumo haupokei. Kwa hiyo aliyenunua miche kwa mtu anapokelewa, na aliyeokota mwenyewe kwa mikono yake hapokelewi?

Wakataka na hati ya umiliki wa eneo la kupandia. Jamani, misitu ya mikoko nchi hii ni hifadhi ya serikali, iko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali! Mwanakijiji atapata wapi hati ya msitu wa hifadhi? Tulileta barua ya ruhusa ya kupanda, ina mhuri, na muhtasari wa kikao cha BMU, kikundi cha usimamizi wa fukwe, pamoja na barua ya mtendaji. Vyote vimo jaladani. Jibu limeandikwa kwa kalamu nyekundu: "Uthibitisho wa umiliki haujaambatishwa."

Mara ya tatu walitaka "ushahidi wa kitaalamu wa athari". Kijijini yuko bibi aliyekuwa binti mdogo kimbunga cha Aprili 1952 kilipoipiga Lindi, anakuonyesha kwa kidole bahari ilifika wapi mwaka ule na imefika wapi sasa. Visima vipo. Waje wayaonje maji. Hakuna aliyekuja.

Ofisa mmoja akatushauri tuachane na ruzuku, tuombe mkopo wa asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, ule wa nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Mkopo ule hauna riba, najua, na umewasaidia wengi. Lakini mkopo una marejesho. Mkoko tutauuza kwa nani ili turejeshe? Mtoto wa shule tumtoze shilingi ngapi kwa kikombe cha maji?

Najua atakuja mtu hapa aseme fedha zikitangulizwa zitaliwa. Vikundi hewa vipo, nimeviona. Basi wamlipe mwenye duka wao wenyewe, tangi lije kijijini na lori, tulisainie mbele ya mtendaji na mwalimu mkuu. Au walipe kwa awamu, ya kwanza ndogo, wakague, watoe ya pili. Miradi ya TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii, ilisimamiwa na kamati za wananchi, na majengo yake yapo mpaka leo.

Huu mtindo wa lipa kwanza upo kwenye miji ya Marekani na Kanada: mtu ananunua pipa la kuvunia maji ya mvua, anatuma risiti, anarudishiwa sehemu ya bei. Yule ana mshahara, anaweza kusubiri. Hapa kwetu aliyeweza kusubiri mwaka jana ni mfanyabiashara mmoja wa mjini, karejeshewa gharama ya matangi ya nyumba yake ya kulala wageni. Simlaumu, alifuata masharti. Ninauliza tu masharti yaliandikwa kwa ajili ya nani, ilhali nchi tajiri zilipoahidi kwenye mkutano wa tabianchi wa Copenhagen mwaka 2009 kuzipa nchi maskini dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020, waliotajwa kuwa wahitaji ni watu wanaoishi kama sisi.

Dirisha linafungwa tarehe 30. Ninaomba mambo mawili. Kama kuna kikundi cha wananchi, Lindi, Mtwara au popote, kilichowahi kurejeshewa kweli, semeni ilichukua miezi mingapi na mlipata wapi za kutanguliza. Na kama yupo mtu wa misitu au mwanasheria humu, nielezwe ni karatasi gani inayokubalika badala ya hati pale ambapo eneo ni hifadhi ya mikoko. Ijumaa ninarudi pale ofisini na mwenyekiti, na safari hii tunakwenda na dumu la maji ya kisima.