Kiyoyozi kinavuja maji na hakipoozi: nikague nini kabla ya kumwita fundi?

Mkazi wa Kigamboni
Habari zenu, ndugu. Nina kiyoyozi cha ukutani cha BTU 12,000, kilichofungwa miaka mitatu iliyopita. Tangu joto la Januari lianze, upepo wake umekuwa hafifu, na usiku wa manane maji hudondoka upande wa kitanda. Fundi niliyempigia simu alisema, bila hata kukiona, kwamba gesi imekwisha na nitafute fedha ya kujaza. Je, mtu asiye fundi anaweza kukagua nini kabla ya kulipa?

Fundi Mstaafu
Gesi hii si kama ya kupikia. Haiishi kwa kutumika, kwa kuwa huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, ipo sehemu inapovujia, na anayejaza bila kuitafuta sehemu hiyo utamwita tena. Kwa upepo hafifu, mimi ningeanza na chujio. Zima umeme kwenye swichi ya ukutani, si kwa rimoti pekee, inua mfuniko wa mbele, toa chujio, uzioshe kwa maji na sabuni kidogo, kisha uzianike kivulini, maana jua kali huzipinda. Chujio zikiziba, hewa haipiti ya kutosha, unyevu huganda kuwa barafu ndani, na barafu hiyo ikiyeyuka maji hufurika. Ukiiona, iache iyeyuke yenyewe. Ukiikwangua kwa kisu ukatoboa bomba, hapo ndipo gesi itakapokwisha kweli.

Mama wa Tanga
Kwangu chujio zilikuwa safi. Tatizo lilikuwa mpira wa kutolea maji, ambao ulijaa ute wa kijani na ncha yake ilikuwa imezama kwenye ndoo niliyoiweka mwenyewe. Kwa unyevu wa pwani, kiyoyozi kinachopoza vizuri hutiririsha maji nje. Nje kukiwa kukavu na ndani kunadondoka, angalia mpira huo. Thibitisha pia kwamba rimoti inaonyesha alama ya theluji, kwani wajukuu wangu waliwahi kuiweka kwenye feni nasi tukalala kwa jasho siku mbili.

Mkazi wa Kigamboni
Ahsanteni. Chujio zilikuwa nyeusi tititi. Nimeziosha, upepo umerudi na maji yamekoma, ila baridi bado si ya kuridhisha. Nje nimeona kiungio kimoja cha bomba kina mafuta yaliyogandiwa na vumbi.

Fundi Mstaafu
Basi huyo fundi huenda alipatia kwa kubahatisha. Mafuta ya kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi, husafiri pamoja na gesi hiyo, kwa hiyo panapoonekana mafuta kwenye kiungio pana uwezekano mkubwa wa uvujaji. Usikikaze mwenyewe. Mwite, mwonyeshe mahali hapo, na umtake akirekebishe kiungio kwanza, akipime kwa povu la sabuni, aondoe hewa kwa pampu, ndipo ajaze gesi kwa mizani kulingana na uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha mashine ya nje.