Tunaokarabati nyumba huku tukiishi humo humo, tupeane uzoefu (Mwanza na Kanda ya Ziwa)

Mama Kulwa, Buhongwa

Habari za jioni wakuu. Vuli imeanza kugonga bati na kila nyumba sasa inajisema yenyewe inapovuja. Nafungua uzi huu kwa familia zinazokarabati mdogo mdogo, mfuko mmoja wa saruji kila mwisho wa mwezi, watoto wakiwa ndani na ugali ukisongwa pembeni ya rundo la mchanga. Tuleteane vipimo, kinachoharibika na sababu yake.

Naanza na sakafu ya niru, maana ndiyo inayoliza wengi. Chumba cha mita 3 kwa 3.5, unene wa sentimita 4, kinakula mifuko mitatu ya saruji na ndoo 22 za mchanga (ndoo ya lita 20), halafu nusu mfuko wa niru yenyewe (uji wa saruji tupu unaosuguliwa juu ya sakafu iwe laini). Mfuko wa kilo 50 ni kama lita 35, kwa hiyo moja kwa nne (saruji kwa mchanga) ni mfuko mmoja na ndoo saba. Fundi akimwaga toroli nne zilizojaa kwa mfuko mmoja, hapo mmeshafika moja kwa saba, na sakafu hiyo itatoa vumbi kila ukifagia.

Sakafu ya zamani ichongwe iwe na makovu, isafishwe, imwagiwe maji, kisha ipakwe uji wa saruji kabla ya kumwaga mpya. Niru inapakwa siku ile ile, sakafu ikiwa bado mbichi lakini kidole hakizami. Ukisubiri kesho yake, inashika juu juu na baada ya miezi inabanduka magamba. Kesho yake mwagilia na ufunike kwa magunia yaliyolowa kwa siku saba. Magunia kuukuu ya dagaa kutoka soko la Mwaloni yanafaa, ila yafuliwe kwanza. Familia ihamie vyumba vingine. Kutembea kwa miguu mitupu ruksa siku ya tatu, kitanda kirudi baada ya wiki, na kila mguu wa kitanda uwekewe kipande cha ubao.

Baba Ng'wasi

Umenena dada. Wengi wanamwaga saruji kavu juu ya maji yaliyotuama ili kazi ikauke waondoke. Hiyo ndiyo inayopasuka nyufa ndogo ndogo chumba kizima.

Fundi Bati Kirumba

Mimi nizungumzie juu. Bati la zamani likivuja, mara nyingi kosa si la bati, ni la msumari. Jua la mchana linalitanua, usiku linanywea, msumari unapanda taratibu na raba yake inakauka. Ukiugongelea tena pale pale, tundu limeshapanuka, hauna cha kushika. Ung'oe. Tundu la zamani lizibe kwa kiraka cha bati na lami, msumari mpya wenye raba upigwe sentimita tatu pembeni, kwenye papi ile ile (mbao ya paa inayoshikilia bati), juu ya mgongo wa bati. Ukipiga kwenye bonde umetengeneza mfereji wa kuingia ndani.

Kabla ya kupiga chochote, chomeka bisibisi kwenye papi. Ikizama kirahisi, mchwa wameshamaliza, badilisha papi kwanza. Nyumba zinazotazama ziwa zinapigwa na upepo, kwa hiyo papi ya kwanza na ya mwisho zipigwe kila mgongo. Katikati ruka mmoja mmoja. Maungio ya ubavuni yalaliane mgongo mmoja na nusu, ya juu na chini sentimita 15. Na mnaopanda juu, kanyageni penye papi tu, asubuhi kabla bati halijawaka.

Kibubu

Mkuu, na geji (namba ya unene wa bati) je? Mwenye duka ananiambia 32 ni bora kuliko 28.

Fundi Bati Kirumba

Kinyume chake. Namba ikipanda bati linakuwa jembamba. 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32.

Mzee wa Igoma

Geji 32 msinunue kabisa. Mtoto akirusha jiwe limebonyea.

Mama Doto

Mzee wangu shikamoo. Mwenye watoto watano na paa linalovuja asubiri 28 mpaka lini? Aweke 32, papi azisogeze ziwe kila sentimita 60 badala ya 90, asiruhusu mtu kulitembelea. Mungu atamjalia mbele ya safari atabadilisha. Watoto wakilala usiku mzima bila ndoo katikati ya chumba, hilo peke yake ni la kupigia magoti.

Mzee wa Igoma

Marahaba mama. Lakini papi za ziada nazo ni hela. Piga hesabu yote, utakuta umefika bei ya geji 30.

Mama Doto

Papi unanunua moja moja. Bati huwezi kuezeka nusu.

Kijana wa Luchelele

Kwenye mchanga nawashauri mkachote ziwani, hauna gharama.

Baba Ng'wasi

Una chumvi huo, utakula nondo zote.

Mpima Mchanga

Hapana mkuu, Ziwa Victoria ni maji baridi, chumvi hiyo ni habari ya Tanga na Dar. Tatizo la mchanga wa ufukweni ni kwamba ni laini mno, una tope na vipande vya makombe. Zaidi ya hapo, Sheria ya Mazingira ya 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa kuwa eneo la hifadhi, kwa hiyo ukichimba hapo unajitafutia kesi.

Mchanga wowote, hata wa mtoni, upime kwa chupa ya plastiki inayoonyesha ndani. Jaza mchanga nusu, ongeza maji mpaka robo tatu, tikisa dakika moja, acha mpaka kesho. Tope litakaa juu ya mchanga. Mchanga ukiwa na kina cha sentimita 10, tope lisizidi milimita 8. Likizidi, osha mchanga au rudisha lori. Mchanga mchafu unakunywa saruji, lipu inakubali siku ya kwanza halafu inapasuka.

Dada wa Nyakato

Sawa, na ile chumvi nyeupe inayochipuka chini ya ukuta inatoka wapi? Rangi imepakwa upya lakini imevimba tena.

Mpima Mchanga

Inatoka kwenye udongo na kwenye tofali lenyewe, maji yanaibeba yakipanda ukutani. Yakifika usoni yanakauka, chumvi inabaki. Zunguka nje utazame. Utakuta udongo umejaa mpaka juu ya usawa wa sakafu ya ndani, au maji ya paa yanadondokea kwenye msingi. Chimba uondoe udongo mpaka sentimita 15 chini ya sakafu, jenga mfereji wa kupeleka maji mbali. Ndani bandua lipu mpaka mita moja kwenda juu, au sentimita 30 kupita alama ya unyevu, na uache ukuta upumue. Wiki kadhaa. Hapo ndipo watu wanashindwa kusubiri. Piga brashi ya waya, toa chumvi ikiwa kavu (ukiiosha inarudi ndani), kisha lipu ya moja kwa nne yenye unga wa kuzuia maji, kilo moja kwa mfuko. Jipsamu usipake kabisa kwenye ile mita ya chini. Inafyonza maji na kubomoka.

Mama Kulwa, Buhongwa

Na kwa kupaka ukuta huo badala ya rangi, chokaa ni rahisi zaidi. Kilo 5 kwa maji lita 8 mpaka 10, iloweke usiku kucha, chuja kwa kipande cha chandarua. Iwe nyepesi kama maziwa. Lowesha ukuta, paka mikono mitatu myembamba. Mkono mmoja mzito unabanduka. Watoto wakae mbali, chokaa ikiingia jichoni inaunguza. Ikitokea, osha kwa maji mengi hapo hapo na mpelekeni hospitali.

Mlima Hauna Siri

Nimesoma habari ya maji kudondokea kwenye msingi, imenibidi niandike. Tunaojenga kwenye miteremko tunajua kila nyumba ina ukuta wa kuzuia udongo nyuma ya jiko. Nawaeleza jinsi mmoja ulivyoanguka, hatua kwa hatua, mkague wa kwenu usiku huu.

Ulikuwa wa tofali za inchi 6, urefu wa kwenda juu mita 2, hauna nguzo hata moja. Nyuma yake palijazwa kifusi chenye mfinyanzi. Matundu ya kutolea maji hayakuwepo. Jirani wa juu alifunga gata zake (mifereji ya kukinga maji ya paa) vizuri, ila bomba la kushushia maji likaishia pale pale juu ya kifusi. Masika ikaingia. Dalili ya kwanza ilikuwa ufa wa kulala, kozi (mstari wa tofali) ya tatu kutoka chini, mwembamba kiasi cha kupitisha kucha. Watu wakaupaka saruji. Baada ya mvua nyingine ukuta ukatoa tumbo, mlango wa jiko ukaanza kukwama juu. Wakaegesha miti miwili.

Bibi wa nyumba ile ndiye aliyeona maji yanachuruzika kwenye ufa yakiwa na rangi ya udongo. Akaamuru wote walale chumba cha mbele, hakusikiliza la mtu. Alfajiri ukuta ukalala wote kwa pamoja, ukaingia jikoni, ukazika mafiga, sufuria na kabati la vyombo. Hakuna aliyeguswa. Mungu ametukuka.

Sasa sababu. Maji yakijaa nyuma ya ukuta wa mita 2 mpaka juu, kila mita moja ya ukuta inasukumwa na tani 2, hayo ni maji peke yake kabla hujahesabu udongo. Tofali la inchi 6 lililosimama halina uzito wa kupinga hayo.

Ulivyojengwa upya: mawe, mawe tunayo. Msingi ulishuka sentimita 50 mpaka kwenye mwamba. Upana chini mita 1, yaani nusu ya urefu, juu sentimita 45, uso wa mbele ukiegemea mlimani kidogo. Udongo wa kujengea ni saruji na mchanga, moja kwa nne, mawe yakifungana, hakuna viungo viwili vilivyonyooka kwenda juu. Mabomba ya plastiki ya inchi 2 kila mita 1.5, mstari wa kwanza sentimita 20 kutoka chini, wa pili umepishana na wa kwanza, yote yakiinamia nje. Nyuma ya ukuta tabaka la kokoto sentimita 30 kutoka chini mpaka karibu na juu, ndipo kifusi. Juu kabisa mfereji wa saruji. Bomba la jirani likaunganishwa kwenye huo mfereji, tena jirani mwenyewe alinunua saruji. Ukuta ukipita mita 2, mtafuteni mhandisi, msibahatishe.

Kibubu

Nimetoka nje na tochi.

Dada wa Nyakato

Asante sana mkuu. Wetu una matundu ila yameziba. Nifanyeje?

Mlima Hauna Siri

Zibua kwa nondo ya milimita 10, pole pole, usipige nyundo. Maji yakitoka kwa kasi kaa pembeni, na usiache mtoto acheze chini yake.

Kijana wa Luchelele

Na lile jiwe kubwa nyuma ya nyumba? Si unalichoma kwa magurudumu mabovu, unalimwagia maji, linapasuka, unapata mawe ya bure ya kujengea?

Mlima Hauna Siri

Usifanye hivyo kwenye makazi! Vipande vinaruka, moshi wa magurudumu ni sumu kwa watoto, na hujui jiwe lile limeegemewa na lipi huko juu kwa jirani.

Mzee wa Igoma

Baba zetu walipasua kwa moto miaka yote.

Mlima Hauna Siri

Walipasua porini, mzee wangu. Sasa kuna nyumba juu na nyumba chini.

Mama Kulwa, Buhongwa

Wakuu, ukuta umekuwa uzi mzima, na ni haki yake. Lakini wa rangi wapo?

Mchoraji Pasiansi

Wapo mama. Ndoo ya lita 20 ya rangi ya maji, kwenye lipu isiyo na skimu (tabaka laini la kusawazisha ukuta), ihesabu mita za mraba 160 kwa mkono mmoja, si 240 wanazokuambia dukani. Kwa wa ufukweni, rangi ya mafuta paka asubuhi, ikifika magharibi iwe imeshika. Vile vidudu vya ziwani vikitua kwenye rangi mbichi utavikwangua mpaka uchoke. Usiku zima taa za nje.

Mtu wa Nansio

Sisi saruji inavuka na kivuko, kwa hiyo tunanunua ya kutosha kwa mkupuo. Iwekeni juu ya mbao, sentimita 15 kutoka chini, mbali na ukuta, mkifunika kwa nailoni. Ikipita miezi mitatu ishike mkononi. Bonge likivunjika kwa vidole, itumie kwenye lipu, ongeza kidogo. Likigoma, hiyo isiguse nguzo wala linta, kaisawazishie njia ya uani.

Wa Sengerema

Sisi tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 tunaagiza mifuko kumi kumi, hakuna haja ya kurundika.

Dada wa Nyakato

Swali la mwisho. Maji ya paa nikiyakinga, pipa gani litosheleze? Paa ni mita 6 kwa 8. Na la pili, mabomba ya majitaka yamefika mtaani, nikiunganisha gata humo je?

Fundi Bati Kirumba

Usiunganishe kamwe, yatafurika kwenye vyoo vya watu wa chini. Paa lako ni mita za mraba 48. Mvua ya milimita 25 inakupa lita 1,200, toa yanayopotea, shika lita 950. Tanki la lita 1,000 linajaa kwa mvua moja nzuri, kwa hiyo bomba la kumwagia ziada liende kwenye mfereji, lisiishie kwenye msingi. Gata iiname sentimita 1 kila mita 2, vishikio kila sentimita 60. Maji ya kwanza yana vumbi na kinyesi cha ndege. Simamisha bomba la inchi 4 lenye urefu wa mita 3 kabla ya tanki, linabeba lita 24 za uchafu, chini lifunge kifuniko chenye tundu la milimita 3 lijimwage lenyewe. Likiziba kwa majani, zibua kwa waya mvua ikikatika.

Dada wa Nyakato

Wabeja sana. Kifuniko kiwe cha kufungua au cha gundi?

Fundi Bati Kirumba

Cha kufungua.