Ukoo wa Kongwa: gumzo la Jumamosi usiku

Jumamosi, saa 1:05 usiku

Shangazi Ester: Mbukwenyi ndugu zangu. Ule unga wa kusafisha utumbo, mzigo mpya umeingia. Unatoa uchafu ulioganda miaka na miaka. Gesi, kiungulia, kukosa choo, vyote kwaheri. Kopo 15,000. Walio Nkuhungu na Chang'ombe nawaletea mwenyewe.

Baba Mdogo Elia: Niwekee makopo mawili. Tumbo linaniwaka toka tuanze kupogoa zabibu. Jana sijalala.

Yona: Baba mdogo punguza pilipili 😂

Baba Mdogo Elia: Pilipili niliacha zamani. Mlenda ndiyo siachi, usiniambie.

Happy: Shikamooni wakubwa. Shangazi, huo unga ndani una nini?

Shangazi Ester: Marahaba mwanangu. Sanamaki na miti mingine ya asili. Hauna kemikali.

Happy: Sanamaki ni dawa ya kuendesha, shangazi. Utaenda chooni kweli, lakini hicho ni chakula cha jana na juzi pamoja na maji yako mwenyewe. Hakuna uchafu wa miaka ndani ya utumbo. Chakula kinakaa kwenye mfuko wa tumbo kama saa 2 hadi 4, kinapita utumbo mwembamba, virutubisho vinanyonywa, halafu utumbo mpana unafyonza maji kwa siku moja au zaidi, kisha kinatoka. Hata ngozi ya ndani ya utumbo mwembamba inajibadilisha yenyewe kila baada ya siku chache.

Shangazi Ester: Mbona mimi nikinywa najisikia mwepesi?

Happy: Umeharisha 😅

Mama Joshua: Na sisi tunaopata choo kigumu tufanyeje wifi?

Happy: Kinakaa muda mrefu utumbo mpana, maji yote yanafyonzwa. Kunywa maji, kula mboga, maharage, huo ugali wa uwele usiokobolewa, na ukibanwa usijizuie. Mlenda wa baba mdogo hauna kosa kabisa.

Baba Mdogo Elia: Umesikia Yona?

Happy: Sasa baba mdogo, hilo tumbo linawaka saa ngapi?

Baba Mdogo Elia: Saa nane za usiku linaniamsha. Nikinywa maziwa linatulia, baadaye linarudi kwa hasira.

Happy: Maziwa yanatuliza kidogo, halafu tumbo linazalisha asidi zaidi. Kuna dawa yoyote unayomeza?

Baba Mdogo Elia: Hakuna.

Lameck: Dada, mzee anameza diklofenaki za goti asubuhi na jioni. Zinakaa mfuko wa shati. Anashushia na chai ya rangi, huyo anaelekea shambani.

Baba Mdogo Elia: Lameck wewe mtoto. Hiyo ni ya goti, mimi nazungumzia tumbo.

Happy: Ndiyo hiyo hiyo baba mdogo. Asidi ya tumbo ni kali, ingeweza kumeng'enya hata tumbo lenyewe. Kinachozuia ni ute unaofunika ukuta wa ndani. Diklofenaki inakata maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini, na kemikali hizo hizo ndizo zinazoliagiza tumbo litoe ute. Ute ukipungua, asidi inagusa nyama.

Yona: Basi achomwe sindano, asimeze.

Happy: Sindano nayo inapita kwenye damu, inafika kule kule. Kila mtu hapa Dodoma ananiambia "nichome tu".

Happy: Baba mdogo, samahani nauliza mbele ya wakwe. Choo kina rangi gani?

Baba Mdogo Elia: 📷 Picha

Shangazi Ester: ELIA!!! Watu tuko mezani!

*Ujumbe huu umefutwa*

Mama Joshua: Yesu wangu.

Happy: Nimeshaiona. Cheusi kama lami, kinanata. Harufu?

Baba Mdogo Elia: Kali, si ya kawaida. Toka juzi.

Mama Joshua: Wifi, mimi pia changu cheusi toka nianze kliniki. Niogope?

Happy: Hapana, wewe unameza vidonge vya kuongeza damu, yale madini ya chuma yanageuza rangi. Baba mdogo hamezi hivyo. Damu ikivuja juu, tumboni au mwanzo wa utumbo mwembamba, inameng'enywa njiani na kutoka nyeusi. Ya bawasiri hutoka nyekundu kwa sababu iko mlangoni.

Happy: Ukisimama unasikia kizunguzungu?

Baba Mdogo Elia: Kidogo. Nikajua ni jua.

Happy: Lameck mpeleke hospitali sasa hivi. Asile chochote, na hizo diklofenaki chukua wewe.

Baba Mdogo Elia: Kesho baada ya ibada nitakwenda.

Shangazi Ester: Kaka, ibada ipi? Unga wangu sikuuzii hata ukilipa mara mbili. Panda bajaji. Nakupigia sasa hivi, na upokee.

Saa 2:40 usiku

Lameck: Tuko njiani. Kwenye ngazi ya nyumba aliyumba nikamdaka.

Yona: Happy, mimi nilijua vidonda vya tumbo ni mawazo na kuchelewa kula.

Happy: Hata madaktari waliamini hivyo. Mawazo na njaa vinaongeza maumivu, ila visababishi vikubwa ni viwili: hizi dawa za maumivu, na bakteria anayeitwa H. pylori. Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, ndio waliomgundua tumboni miaka ya 80. Watu wakabisha, hawakuamini bakteria anaishi kwenye asidi. Mwaka 1984 Marshall akawanywa bakteria hao mwenyewe, na siku chache baadaye tumbo likavimba kwa ndani. Nobel wakaipata 2005.

Yona: Huyo naye ana roho ngumu.

Happy: Wengi tunaye tangu utotoni na hatuugui. Mzee anaweza kuwa na vyote viwili.

Saa 5:20 usiku

Lameck: Amelazwa. Wingi wa damu 6.8. Wamemwekea dripu na sindano za kupunguza asidi, na sasa anaongezewa damu. Anauliza nani atamwagilia miche kesho.

Shangazi Ester: Mwambie alale.

Jumapili, saa 5:10 asubuhi

Lameck: Wameingiza kamera mdomoni. Kidonda kipo mwanzo wa utumbo mwembamba, daktari amekiziba hakivuji tena. Walikata na kipande kidogo cha nyama ya tumbo wakakitia kwenye kipimo cha njano. Nikiwa nimesimama pale kikageuka cha waridi.

Happy: Ndiyo H. pylori huyo. Watampa omeprazo ya kupunguza asidi na antibayotiki za aina mbili au zaidi, mara nyingi siku 14. Lameck hapo ndipo utakuwa polisi. Siku ya tano tumbo litatulia, naye ataanza kuficha vidonge. Azimalize zote. Wiki 4 baada ya antibayotiki kuisha apimwe choo tena, na wiki 2 kabla ya kipimo awe ameacha omeprazo, la sivyo majibu yanadanganya.

Shangazi Ester: Na goti?

Happy: Panado, na amuone daktari wa mifupa. Diklofenaki basi. Na zile za dukani za mgongo wamwonyeshe daktari kwanza, nyingi ni ndugu zake.

Mama Joshua: Nimlete uji?

Happy: Muulize nesi wa zamu kwanza, wao ndio wanajua ameruhusiwa nini.

Lameck: Damu aliyopewa wanaomba ndugu wawili waje kuirudishia benki. Mimi nimeshatoa. Bado mmoja.

Yona: Niko Kisasa, nakuja na boda. Ila nimeshakunywa chai na chapati tatu, si itakuwa tatizo?

Happy: Wanaotoa damu ndio wanatakiwa kula. Ongeza maji njiani, halafu ingia maabara moja kwa moja, usianzie wodini kupiga soga na mzee.