Tulilipa ili tutoke jasho, tukatandikiwa maua: malalamiko yangu dhidi ya wakala wa safari hapa Mombasa

Assalamu alaikum, wanajukwaa.

Kwa miaka mingi nimekuwa msomaji wa kimya humu ndani, wala sikutarajia kwamba uzi wangu wa kwanza ungekuwa wa ghadhabu, lakini jana usiku tumerejea nyumbani Tudor tukiwa tumeliwa pesa mchana kweupe, na nisipoliandika jambo hili leo litaniozea moyoni. Jina la wakala aliyetuuzia safari hii silitaji, kwa sababu bado namdai na sitaki apate kisingizio. Akipita hapa atajijua mwenyewe.

Kwanza mtujue. Mimi na mume wangu tumo katika mwaka wa kumi na moja wa ndoa, na kulala hotelini mchana kutwa hatukuwezi. Yeye hana Jumapili isiyo na baiskeli. Mimi, baada ya swala ya alfajiri, hukimbia hadi bustani ya Mama Ngina, nikazitazama meli zinavyoingia, kisha nikarudi kuwaamsha watoto. Tukikaa siku mbili bila kutoka jasho tunaanza kugombana kwa ajili ya kijiko kilichoachwa kwenye sinki. Kwa hiyo tulipobahatika kupata mwisho wa juma mmoja usio na watoto, baada ya mama mkwe kukubali kubaki nao, ombi letu kwa wakala lilikuwa fupi na lilikuwa la maandishi: siku mbili za kutembea, kuendesha baiskeli na kupiga makasia, mahali popote pasipozidi mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka mjini, na kitanda safi cha kujitupa usiku.

Dalili ya kwanza niliiona palepale ofisini nikaipuuza. Kijana aliyetuhudumia alinisikiliza mimi nikieleza, kisha akamgeukia mume wangu na kumwuliza, "Je, mama ataweza?" Mume wangu alimjibu kwamba shida huwa ni yeye kunifikia mimi. Kijana akacheka, akaandika, nasi tukalipa shilingi 38,500 kwa simu kabla hatujainuka vitini. Tulikabidhiwa karatasi ya ratiba: Watamu, siku mbili, Jumamosi asubuhi baiskeli katika msitu wa Arabuko-Sokoke, saa nne kayaki katika hori (mkono wa bahari) ya Mida, mchana magofu ya Gede, saa kumi kutazama matumbawe, Jumapili matembezi katika bonde la Marafa. Ukiisoma bila kufikiri, ilikuwa ratiba ya watu wenye nguvu zao. Nasi tuliisoma bila kufikiri.

Ijumaa jioni ilitukwamisha Mtwapa, kama Ijumaa jioni zote zinavyomkwamisha kila mtu, na tulipofika Watamu ilikuwa saa nne za usiku. Chumbani tulikuta maua mekundu yamemwagwa kitandani na taulo zimekunjwa mfano wa mabata wawili wanaobusiana. Chini ya bata mmoja palikuwa na kadi ya kutukaribisha kwa masaji ya wawili asubuhi inayofuata, saa mbili, yaani saa ambayo ratiba yao wenyewe ilisema tuwe msituni. Sina ugomvi na wapendao maua. Lakini mume wangu alilazimika kuyakung'uta sakafuni saa tano usiku ili tupate pa kulala, na mimi nikaanza kuelewa kwamba yale maandishi yetu hayakusomwa na mtu yeyote.

Baiskeli zilifika saa mbili na nusu badala ya saa kumi na mbili na nusu. Moja ilikuwa haina breki ya nyuma, na nyingine, naapa, ilikuwa ya mtoto. Nilipoipanda magoti yalikaribia kunigonga kidevu. Na ule msitu haukustahili dharau hiyo. Ni takriban kilomita za mraba 420, msitu mkubwa kuliko misitu mingine yote ya aina yake iliyosalia katika pwani ya Afrika Mashariki, na humo ndimo anamoishi yule sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu na makalio ya rangi ya dhahabu, ambaye mtu humwona akikimbia juu ya majani makavu ikiwa amewahi kufika kabla jua halijakaza. Njia zake nyingi hazina milima, zinamfaa sana mwendesha baiskeli mwenye magurudumu mapana yasiyozama mchangani. Sisi tulipewa magurudumu membamba. Tulisukuma baiskeli kwa nusu saa, tukasikia ndege wachache waliochelewa kulala, tukageuza.

Saa nne tukapelekwa Mida, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu kiini cha hasira yangu kiko hapa. Tulikuta matope. Mikoko ilikuwa imesimama na mizizi yake yote nje kama mtu aliyevuliwa viatu, mashua zimelala ubavu, kaa wanapita kwa raha zao, na kayaki mbili zimetandazwa juu ya tope zikisubiri maji ambayo yasingerudi mpaka baadaye sana. Msimamizi wa pale, mtu mwungwana, alituambia kwa huruma kwamba hakujua nani alitupangia saa ile.

Ndugu zangu, Jumamosi ile ilikuwa siku ya kumi na tano ya mwezi mwandamo. Mama mkwe niliyemwachia watoto alikuwa akimaliza saumu yake ya siku nyeupe. Ijumaa usiku sisi wenyewe tuliuona mwezi mpevu ukiwa juu ya daraja la Kilifi, tukausifu! Kila mtoto aliyekulia kando ya bahari hii anajua kwamba mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa mchanga, maji huwa ya bamvua, yaani hujaa na kupwa kupita kawaida, na kwamba katika bamvua ya hapa kwetu maji hujaa mnamo saa kumi, ya alfajiri na ya jioni, na hupwa mnamo saa nne, ya asubuhi na ya usiku. Tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa siku hizo hupita mita 3. Kupanga kayaki saa nne asubuhi katika hori ya mikoko siku ya mwezi mpevu ni sawa na kumpangia mtu kuvuka kwa feri Likoni siku ambayo hakuna maji kivukoni. Safari ile ile ingefanywa juma moja baadaye, wakati wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, saa nne ile ile ingetukuta maji yako juu na mkondo umetulia, nasi tungepiga makasia kati ya mikoko mpaka mikono ichoke.

Naona aibu kukiri kwamba marehemu babu yangu alikuwa mvuvi wa Mji wa Kale, hakuwahi kumiliki saa ya mkononi, na hakuwahi hata siku moja kushuka pwani akakuta maji yamemkimbia. Mimi mjukuu wake niliitazama karatasi iliyoandikwa "kayaki, saa nne" nikatia sahihi. Sehemu hiyo ya kosa ni yangu na naichukua. Aliyelipwa kwa kujua, hata hivyo, hakuwa mimi.

Magofu ya Gede yalituliza kidogo. Ule ni mji wa Waswahili uliokwisha kuachwa na wakazi wake kufikia karne ya 17, wenye msikiti, kasri na visima katikati ya miti mikubwa, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hapo kila kitu kilikwenda sawa, pengine kwa sababu magofu hayapwi. Kisha saa kumi tukapelekwa kutazama matumbawe, na bila shaka mmekwisha kukisia: maji ya bamvua yalikuwa yamejaa kabisa, matumbawe yako chini mno, mchanga umechafuka, na mkondo unatuvuta kutoka kwenye mashua. Nahodha alitueleza kwamba yeye huwapeleka wageni maji yakiwa yamepwa, kwa kuwa wakati huo matumbawe huwa karibu na maji hutulia nyuma ya mwamba. Kwa maneno mengine, wakala wetu alikuwa na shughuli mbili za baharini katika siku moja, moja yahitaji maji ya kujaa na nyingine yahitaji maji ya kupwa, naye akafaulu kuzipanga zote mbili kinyume.

Jumapili sitairefusha. Marafa, ambako Wagiriama hupaita Nyari, ni bonde lililochongwa na mvua katika udongo mwekundu, mweupe na wa manjano, na watu wenye akili hushuka humo asubuhi na mapema au jua linapoelekea kuzama. Gari lilikuja saa nne na nusu. Tulifika karibu na saa sita na nusu, na kiongozi wa kijiji alikataa kutushusha bondeni katika jua lile. Nampongeza kwa kukataa. Alituhadithia tukiwa kivulini kisa cha familia ya matajiri waliooga maziwa ya ng'ombe mpaka Mungu akawadidimiza ardhini pamoja na mali yao, tukanunua maji, tukarudi.

Leo asubuhi nilimpigia wakala simu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole, "Lakini si mlipumzika, mama?" Swali hilo limenichoma kuliko pesa zote. Halafu akanipa fidia yake: punguzo kwa safari nyingine, mwezi wa Julai, ya mashua kutoka Shimoni kwenda Kisite kutazama pomboo na kupiga mbizi. Julai! Katikati ya kusi, upepo wa kusini, wakati upepo umekaza na bahari imechafuka, wakati ambao hata manahodha wenyeji hutazama mawingu mara mbili kabla ya kung'oa nanga. Mwenye kutaka kumwona nyangumi atavumilia mawimbi hayo, kwa sababu Julai na Agosti ndiyo miezi yao ya kupita pwani yetu. Lakini mtu anayetaka kuogelea juu ya matumbawe katika maji angavu huenda Shimoni wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini, au wa tangambili, kati ya pepo hizo mbili. Hayo si mambo ya siri ya wanasayansi. Yanasemwa katika kila baraza la wavuvi kuanzia Vanga hadi Lamu.

Kinachonikera zaidi ni kwamba pwani hii haijapungukiwa na mahali pa watu kama sisi. Kama lengo lilikuwa kutembea, Shimba Hills iko karibu mno kuliko Watamu, na siku hizi barabara ya Dongo Kundu inamwepusha mtu na foleni ya feri. Unafika getini mapema, unafuatana na askari wa wanyamapori, unateremka kwa miguu hadi maporomoko ya Sheldrick yenye kimo cha zaidi ya mita 20, na kule kupanda kurudi ndiko kunakokuonyesha kama miguu yako bado ni yako. Humo humo wamo palahala, swala wakubwa wenye pembe ndefu zilizopinda, ambao hakuna kwingine nchini Kenya watu wanakoweza kuwaona porini. Ni safari ya siku moja, ikabakiwa na siku nzima ya baiskeli Diani.

Kama lengo lilikuwa kupanda, ipo Taita. Mtu anapanda treni ya asubuhi pale Miritini, ile inayosimama vituo vya njiani, anashuka Voi, anachukua matatu hadi Wundanyi, na kesho yake anakipanda kilele cha Vuria chenye mita 2,208 katika baridi ambayo sisi watu wa Kisiwani hatuna hata sweta yake. Mchanganyiko wa joto la Voi na ukungu wa juu ndio unaofaa watu wawili wanaotaka kuchoka pamoja. Tungeulizwa maswali matatu tu tulipokuwa ofisini, mnakimbia umbali gani, mnaogelea kiasi gani, na mnaweza kuamka saa ngapi, halafu yeye akaangalia mwezi uko siku ya ngapi na upepo unatoka wapi, angejua mara moja atupeleke wapi. Hakuuliza hata moja. Aliuliza kama tungependa chumba kinachotazama bahari.

Madai yangu ni haya, na nimeyaandika kwake rasmi: arudishe shilingi 3,000 za baiskeli, 4,000 za kayaki na 6,500 za gari na kiongozi wa Marafa, jumla 13,500, kabla ya Ijumaa. Matumbawe simdai, kwa sababu maji tuliingia, na chumba tulilala. Punguzo la Julai nimelikataa. Ninazo risiti, ninayo ratiba yenye sahihi yake, na ninazo picha za kayaki juu ya tope zenye saa na tarehe.

Kama yupo humu aliyewahi kumdai wakala wa safari hapa Mombasa akalipwa, naomba anieleze alianzia ofisi gani na ilimchukua muda gani. Na kama yupo aliyepanda Vuria hivi karibuni, anijulishe kama njia ya kutoka Wundanyi inapitika siku za mvua, kwa kuwa mama mkwe amekwisha kutupa Jumamosi nyingine na mume wangu anazitia baiskeli zetu wenyewe pumzi hapa barazani.