Tupeane uzoefu: kufufua meko ya zamani ya ukutani bila kuvunja kibubu

Wakuu, habari zenu. Nimehamia nyumba ya zamani yenye meko ya ukutani ambayo hayajawashwa miaka mingi. Juzi nilichoma gazeti moja tu kujaribu, moshi wote ukarudi sebuleni, watoto wakakohoa mpaka machozi. Kubomoa na kujenga upya siwezi, mfuko hauruhusu. Mliopitia haya, mlianzia wapi?

Kuni Kavu:
Pole sana mkuu. Kwanza usiwashe tena. Mimi nilichungulia dohani (bomba la moshi) kwa tochi na kioo cha mkononi, nikaona giza tupu. Ndege walikuwa wamejaza viota! Msafishaji alitoa ndoo mbili za vijiti, kisha akanionyesha masizi yaliyoganda ukutani, meusi, yanang'aa kama lami. Hayo ndiyo hushika moto humo ndani na kuunguza paa. Kama una pesa ya jambo moja tu, lipia kusafisha na kukaguliwa. Baadaye tulifunga kofia ya bati yenye wavu juu, na kuni mbichi nikaachana nazo, maana ndizo huzalisha masizi hayo.

Mwiko na Pimamaji:
Ikishakuwa safi na moshi bado unarudi, pima mdomo wa meko. Njia ya moshi huwa inatakiwa iwe na eneo kama 1/10 ya mdomo. Wangu ulikuwa mkubwa mno. Nilivaa glovu nene, nikashika kipande cha bati juu ya mdomo huku moto mdogo unawaka, nikakishusha taratibu mpaka moshi ukaacha kutoka. Nikapima bati limeshuka kiasi gani: sentimita 12. Basi ili mdomo upungue kiasi hicho, nikainua sakafu ya meko kwa matofali ya kuhimili moto, safu mbili za kulaza. Kazi ya saa moja. Nyufa usizibe kwa saruji ya kawaida, joto huipasua. Tafuta ile ya kuhimili moto.

Mama Pacha:
Naomba wote msome hili. Usiku mmoja tulifunga kilango cha dohani (bati la kufungua na kufunga njia ya moshi) makaa yakiwa bado mekundu, tukitaka joto lisitoke. Niliamka kichwa kinagonga, dada yangu anayumba, hawezi kusimama. Tulitambaa hadi nje. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu itokayo kwenye makaa, haina rangi wala harufu. Leo kengele ya kuitambua iko karibu na vyumba vya kulala, na kilango hakifungwi hadi majivu yapoe kabisa.

Kuni Kavu:
Umenigusa, Mama Pacha. Na majivu nayo yawekwe kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, nje, mbali na ukuta. Makaa hujificha humo siku kadhaa yakiwa hai.

Mleta mada:
Asanteni sana. Nimechungulia leo kwa tochi: kilango kimeshika kutu kikiwa kimefungwa. Nimeziba mdomo kwa ubao watoto wasichezee, na msafishaji anakuja Jumamosi.